Nilimcheka mama aliposema ni baridi

Msomaji mpenzi, kama asubuhi ya leo umevuta blanketi hadi puani na kuahirisha mambo yote ya Jumapili, hauko peke yako. Julai ndiyo hii. Hapa Pipeline, mtaa wetu wa Eastlands, watu wanatembea wamejikunyata, mikono kwapani. Wauza mitumba wa kando ya Outering Road wametundika masweta mbele na kuzisukuma fulana nyuma. Mama anayeuza uji karibu na steji anamaliza sufuria mbili kabla ya saa mbili asubuhi, ilhali mwezi wa Februari hata moja humlalia.

Juzi nilikuwa chini ya ploti nikijaza maji mitungini, meno yakigongana. Kijana mmoja wa orofa ya sita aliniangalia, akacheka hadi akashika kiuno. "Wewe si ulikuwa Marekani kwenye theluji? Sasa baridi ya Nairobi ndiyo inakutetemesha hivyo?"

Nilicheka naye, nikabeba mtungi wangu nikapanda ngazi. Lakini swali lake lilinifuata hadi mlangoni. Leo nataka nikupe wewe msomaji jibu ambalo sikumpa yeye. Miaka niliyoishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, nilipita kwenye baridi inayoweza kumkata mtu vidole. Lakini sikulala nikitetemeka hata usiku mmoja. Kutetemeka usiku nimekujua hapa hapa Pipeline. Na kwa kutolielewa jambo hilo mapema, nusura nimpoteze mama.

Niliondoka nchini Agosti 2018, baada ya kupata nafasi katika chuo kimoja cha huko. Mama ndiye aliyenipeleka Gikomba kununua koti. Tulizunguka nusu siku. Mwishowe tukapata moja jeusi, zito, lenye kofia ya manyoya, na muuzaji akaapa kwamba koti hilo limetoka huko huko niendako na kwa hivyo njia linaijua. Alitaka shilingi 1,500. Mama akamwambia yeye hanunui ng'ombe. Tulilichukua kwa 900.

Wakati huo tulikuwa tukiishi orofa ya chini ya ploti yenye orofa saba. Ikiwa unaijua Pipeline, huna haja ya kuelezwa. Kama huijui, nieleze kidogo. Chumba ni kimoja, futi kumi kwa kumi hivi. Pazia hutenganisha kitanda na viti. Dirisha letu lilitazama ukuta wa ploti ya pili, na ukinyoosha mkono ilibaki kidogo tu uuguse. Jua hatukuliona. Taa tuliwasha saa sita mchana kama tulivyoiwasha saa sita usiku. Sakafu ilikuwa ya simiti, na mwezi wa Julai simiti hiyo hupenya soksi kama maji. Kwa upande mwingine, jirani akikaanga vitunguu ulijua, akigombana na mumewe ulijua, na mtoto wake akikohoa usiku uliamka wewe.

Nilipokwenda, mama alibaki na mpwa wangu, binti ya dada yangu, aliyekuwa na umri wa miaka sita. Majuma machache baadaye, mwezi wa Septemba, niliona kwenye simu picha za Taj Mall ikibomolewa. Jengo lile ndilo lililokuwa alama yetu ya kushukia matatu. Nikahisi kama mtaa wenyewe umengoja niondoke ndipo ubadilike.

Minneapolis iko karibu nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, yaani nusu ya safari ya kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini ya dunia. Sisi Nairobi tuko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Ndiyo maana kwetu mchana na usiku hulingana mwaka mzima, mtu hata asijue kwamba hiyo ni neema. Huko, kufikia katikati ya Desemba jua lilichomoza karibu saa mbili asubuhi, na saa kumi na nusu jioni lilikuwa limekwisha kutua. Niliingia darasani giza halijaisha vizuri, nikatoka giza limerudi.

Nilikaa na Wakenya wawili, mmoja wa Kisii na mwingine wa Meru, katika sehemu ya chini ya nyumba, ile iliyo nusu ardhini. Nilipoteremka ngazi zake mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nimevuka bahari kutoka chumba kisicho na jua, nikafikia chumba kingine kisicho na jua!

Koti la Gikomba lilinifaa hadi Novemba. Theluji ilipoanza kushika ardhi, upepo uliingia katika koti lile kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mwenzangu wa Kisii akanipeleka Karmel Mall, soko la Wasomali ambao ni wengi sana katika jiji hilo. Tulikuwa tukibishana bei kwa Kiswahili, mara mama mwenye duka akadakia, "Nyinyi ni wa wapi huko Nairobi?" Kumbe alikuwa amelelewa Eastleigh! Alilishika koti langu kwa vidole viwili, akalipima, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hili ni koti la Limuru. Si la hapa."

Mama huyo alinifundisha somo ambalo mpaka leo nalitumia. Alisema mtu hashindi baridi kwa nguo moja nzito. Huishinda kwa nguo kadhaa nyepesi zilizopandana. Hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho, na jasho likipoa ni adui. Kichwa, masikio na miguu visisahauliwe. Nilitoka dukani nikiwa nimevaa kama kabeji, jani juu ya jani.

Nilijifunza na mengine. Nilijifunza kutembea kama bata juu ya barafu, hatua fupi, mikono nje ya mifuko, ili nikiteleza nijishike. Niliona magari yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, nikawaza bei ya pakiti moja ya chumvi kwa mama mboga wetu. Niliona watu wazima wakiketi juu ya ziwa lililoganda, wametoboa shimo, wanavua samaki. Idara ya maliasili ya jimbo hilo huwashauri watu wasikanyage ziwa kabla ya barafu kufika unene wa sentimita 10. Katikati ya jiji niliona vijia vya vioo vinavyounganisha majengo kwenye orofa ya pili, ili watu wapite juu kwa juu bila kutoka nje. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka wa 1962, na sasa vyote pamoja vina urefu wa karibu kilomita 15. Mtu anaweza kwenda kazini, kula, kununua viatu na kukata nywele bila baridi kumgusa sikio.

Halafu ikaja Januari 2019.

Msomaji, huenda uliisikia hata kwenye habari za huku. Hewa iliyozoea kukaa karibu na ncha ya kaskazini iliteremka hadi katikati ya Marekani. Asubuhi ya Januari 30, Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Ukiongeza upepo, mwili ulihisi zaidi ya nyuzi 45 chini ya sifuri. Tulionywa kwamba ngozi iliyoachwa wazi ingeweza kuganda kwa dakika chache tu. Shule zilifungwa. Shirika la posta lilisimamisha kupeleka barua.

Mimi nilikuwa na kibarua katika jiko la chuo, saa 20 kwa wiki, kama sheria inavyowaruhusu wanafunzi wa kigeni. Masomo yaliahirishwa, lakini wanafunzi wa bwenini walipaswa kula. Nilitoka. Hatua ya kwanza nje ya mlango, nywele za puani ziligandamana. Kope zilinatana kila nilipopepesa. Theluji ilipiga kelele chini ya viatu kama mtu anayekanyaga chupa. Kituoni nilingoja basi dakika kumi na mbili, nikahesabu kila moja. Niliwaza, hivi ndivyo mtu hufa?

Kisha nikaingia jikoni, nikavua koti, sweta, sweta la pili, kofia, skafu na glavu. Nikafanya kazi siku nzima nikiwa na fulana ya mikono mifupi.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo nilipaswa kuitilia maanani, lakini sikuitilia. Nilichofanya ni kupiga picha nikiwa na barafu kwenye kope na kumtumia mama. Mama akazunguka nayo ploti nzima. Kufikia jioni nilikuwa nimepigiwa simu na watu ambao sikujua wana nambari yangu. Nikawa shujaa wa baridi. Nami, kwa ujinga wangu, nikavimba kichwa.

Siku hizo hizo tulisikia kwenye redio kwamba kampuni moja ya gesi imewaomba wateja wake jimboni wapunguze joto la nyumba hadi nyuzi 63 kwa kipimo chao cha Fahrenheit, ambazo kwa kipimo chetu ni kama 17, kwa maana gesi ilikuwa ikitumika kupita kiasi. Watu walilalamika. Walionana mashujaa kwa kukaa sebuleni na sweta. Tafadhali iweke namba hiyo akilini, 17, maana nitairudia.

Sitaki udhani kwamba ndani ya nyumba yenye joto kila kitu kilikuwa sawa. Nyumba za huko zina kuta nene zilizojazwa vitu vya kuzuia joto, madirisha ya vioo viwili, na milango inayofunga barabara. Joto halitoki, na sauti haiingii. Nilikaa miezi mitano bila kumjua jirani wa upande wa kulia. Kulikuwa na Jumamosi nilizofunga mlango saa kumi na moja jioni na kuufungua Jumapili saa nne, na katikati hapo hakuna mtu aliyebisha. Mwenzangu wa Meru alininunulia vidonge vya vitamini D, akanieleza kwamba majira hayo jua la huko liko chini sana, ngozi zetu nyeusi haziwezi kupata kitu kwalo. Vidonge nilimeza. Lakini kilichonikosesha usingizi ni ule ukimya. Nilitamani hata yule jirani wetu wa Pipeline aliyekuwa akisikiliza redio kwa sauti ya kuamsha maiti.

Sauti moja tu ilikuwa ikinisumbua mle chumbani. Juu ya dari, nje kidogo ya mlango wangu, kulikuwa na kidude cheupe cha duara. Usiku mmoja kikaanza kulia, pip, kila dakika. Betri ilikuwa inaisha. Nilipanda kiti nikitaka kukin'goa. Mwenzangu wa Kisii, mtu mpole sana, alinipigia kelele kama sikuwahi kumsikia. "Usiguse hicho! Hicho ndicho kinachokulinda ukilala!" Akanieleza kwamba kinanusa gesi ya kaboni monoksidi, na kwamba sheria ya Minnesota inataka kiwe karibu na kila chumba cha kulala, umbali usiozidi futi kumi. Tanuri la kupasha nyumba joto likiharibika, kidude hicho hulia kabla watu hawajafa. Tulibadilisha betri, nikalala, nikasahau.

Julai 2019 ikafika. Minneapolis sasa ilikuwa na joto la nyuzi karibu 30, watu wamevaa kaptura, ziwa lililokuwa barafu limejaa waogeleaji. Nilikuwa nimeketi kwenye nyasi nje ya maktaba, nakula aiskrimu, mama akapiga simu. Tulizungumza ya nyumbani. Kisha akasema, kwa sauti ya kupita tu, "Mwanangu, mwaka huu kuna baridi. Hiki chumba kimekuwa baridi sana."

Unajua mama zetu. Hawaombi. Hulitaja jambo, wakalitua hapo, ukawa ni wewe wa kuliokota au kulipita.

Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hiyo si baridi. Umesahau picha nilizokutumia? Hiyo ya kwenu ni hewa safi tu!"

Akacheka pia. "Ni kweli," akasema. "Wewe ndiye umeona baridi." Tukamaliza mazungumzo. Hakutaja baridi tena.

Siku tisa baadaye, saa nane mchana kwangu, saa nne za usiku hapa Nairobi, simu ililia. Ilikuwa nambari ya mama, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya jirani wa mlango wa pili, mama mmoja kutoka upande wa Kitui. Alikuwa akihema. "Usishtuke," alisema, na moyo wangu ukasimama hapo hapo. "Mama yako na mtoto tumewapeleka hospitali. Wako hai."

Msomaji, kilichotokea ni hiki. Mama alikuwa amechemsha githeri kwa jiko la makaa, nje kwenye kijia cha ploti, kama kawaida. Githeri ilipoiva, makaa yalikuwa bado mekundu, na chumba kilikuwa kama kaburi. Mtoto alikuwa na kikohozi. Mama akaliingiza jiko ndani. Akafunga mlango, akasukuma kitambaa chini yake kuzuia upepo, akafunga dirisha. Makaa hayakuwa na moshi. Yeye, kama wengi wetu, aliamini kwamba hatari ni moshi, na moshi ukiisha hatari imekwisha.

Hapo ndipo tunapokosea. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikashindwa kubeba oksijeni. Mtu huanza kuumwa na kichwa, akahisi kizunguzungu na kichefuchefu, akachoka. Anadhani ni usingizi. Anapotaka kuinuka, miguu inakataa.

Mpwa wangu alitapika. Ndicho kilichowaokoa. Jirani alimsikia mtoto akitapika ng'ambo ya ukuta, akangoja asikie mama akimtuliza, asisikie kitu. Akabisha. Kimya. Akaita mumewe, wakausukuma mlango, komeo likang'oka. Joto na hewa nzito viliwapiga usoni. Waliwaburuta hadi uani. Jirani mwingine mwenye teksi akawasha gari. Hospitalini waliwekewa oksijeni usiku kucha. Mtoto alipata nafuu kesho yake. Mama aliumwa na kichwa kwa siku nyingi, na kwa muda alikuwa akisahau alipoweka vitu.

Nilipokata simu, watu walikuwa wakicheza mpira kwenye nyasi. Niliteremka chumbani, nikakaa kitandani, nikakitazama kile kidude cha dari. Kitaa chake cha kijani kilikuwa kikiwaka. Mimi niliyejigamba kwa baridi nilikuwa na ukuta mnene, tanuri, na mlinzi asiyelala. Mama niliyemcheka hakuwa na chochote ila jiko.

Usidhani kwamba haya hutokea kwa sababu watu wetu hawajui kitu. Februari 2021 dhoruba ya barafu ilikata umeme katika jimbo la Texas, nyumba za watu zikapoa. Katika jiji la Houston kuna waliowasha magari gereji na walioingiza majiko ya kuchomea nyama ndani, wapate joto. Baadhi yao walikufa kwa gesi ile ile. Baridi ikiingia chumbani, Mmarekani na mtu wa Pipeline hufanya jambo moja.

Nilirudi nyumbani Juni 2021. Kati ya vitu vichache nilivyobeba kulikuwa na kipimajoto kidogo. Asubuhi moja ya Julai, saa kumi na mbili, nilikitundika karibu na kitanda cha mama, nikangoja. Kilisimama kwenye 16.

Unaikumbuka ile 17? Ile ambayo watu wa Minnesota waliombwa waivumilie kwa muda, wakajiona mashujaa, siku ambayo dunia nje ilikuwa imeganda? Mama yangu alikuwa ameivumilia pungufu ya hiyo kila Julai, kwa miaka, bila tanuri, bila redio kumsifu. Na mwanawe akamwambia ni hewa safi.

Ndipo nilipoelewa. Baridi ya kule iko nje. Unapita katikati yake ukikimbilia ndani. Baridi yetu iko ndani, tunalala nayo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulifunika jua kutwa, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Nyumba zetu zimejengwa kana kwamba miezi hiyo haipo, na katika mitaa kama yetu ploti zimebanana hata jua likitoka haliwafikii wa chini.

Nilimwambia mama tuhame Pipeline. Alikataa kabisa. "Nikienda kwenye nyumba nzuri za kuta nene," aliniuliza, "nani atasikia nikitapika?" Sikuwa na jibu, mimi niliyeishi miezi mitano bila jirani. Tulipatana tupande orofa ya nne ya ploti ile ile, ambako jua huingia dirishani kwa saa moja hivi asubuhi. Kodi ni kubwa zaidi na magoti yake yanalalamikia ngazi. Lakini mama wa Kitui hupanda kunywa chai, na maji mimi ndiye ninayebeba.

Kwa hivyo, msomaji, niruhusu nikuachie niliyoyanunua kwa bei ghali. Usilale na jiko la makaa chumbani, hata kama makaa ni mekundu na hayana moshi, hata kama ni kwa nusu saa. Ukilazimika kupikia ndani, acha mlango na dirisha wazi, na ukimaliza litoe nje. Watu wawili katika chumba kimoja wakiumwa na kichwa kwa wakati mmoja na jiko liko ndani, hiyo si malaria: fungueni mlango, tokeni, nendeni hospitali. Badala ya jiko, vaa kama kabeji. Vaa soksi na kofia ukilala. Tandika katoni au mkeka chini ya godoro, maana baridi nyingi hutoka kwenye simiti. Jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, izungushie kitambaa, iweke miguuni. Na ukisikia jambo lisilo la kawaida ng'ambo ya ukuta, bisha. Afadhali utukanwe kwa kumwamsha mtu.

Nawe uliye ng'ambo, unayesomewa makala hii kwa simu na ndugu yako, mama akikwambia kuna baridi, usimtajie theluji. Muulize wamelala vipi, na jiko limelala wapi.

Yule kijana wa orofa ya sita nitamjibu nikikutana naye tena mtungini. Ana mke na mtoto mchanga, na jana jioni nilimwona akipandisha ngazi na mfuko wa makaa. Nadhani sitangoja tukutane. Nikimaliza kuandika haya, nitapanda nikabishe.